Waya na Programu za Redio za Kazi

Naomba kila mmoja awe na kalamu na daftari karibu, maana leo nitataja majina ya herufi na tarakimu ambayo hayashikiki kwa masikio matupu. Nitayataja polepole, na yale ya maana nitayarudia.

Somo la leo limetokana na barua. Imetoka kwa katibu wa chama kimoja cha ushirika huko Tanga, na kwa kuwa maswali yake ni ya watu wengi nitaisoma kama alivyoiandika:

“Mwalimu, shikamoo. Chama chetu kina ghala moja upande wa bandari, na malori matatu. Tumenunua redio za mkono sita, Kenwood TK-2180, na redio za gari tatu, Kenwood TK-7180, zote zimekwisha kutumika na wengine. Zinawaka vizuri lakini hazisemezani. Fundi mmoja ametuuzia waya wenye plagi mbili, akasema huo ndio waya wa Kenwood. Hauingii popote katika redio zetu za mkono. Kijana mwingine ametupa programu katika flashi, na karani wetu anaogopa kuifungua katika kompyuta ya hesabu. Mwalimu, programu ya kweli tuipate wapi, na waya upi? Korokoroni wetu yu peke yake usiku, na simu ya mkononi haishiki pale nyuma ya ghala.”

Marahaba, ndugu Katibu. Karani wako ana akili, mpe salamu zangu, na tutamrudia baadaye.

Kwanza tuelewane redio ya kazi ni kitu gani. Redio hiyo unayonisikiliza sasa ina kifundo; ukikizungusha unatoka stesheni hii unaingia nyingine, wala huombi ruhusa kwa mtu. Redio ya kazi, ile ambayo wazee wetu waliiita simu ya upepo, haina kifundo cha namna hiyo. Ina swichi ya chaneli: moja, mbili, tatu, nne. Lakini chaneli ya kwanza ni masafa gani, hilo halikuandikwa juu yake. Limo ndani, katika kumbukumbu ya redio, na mwenye kuishika redio hawezi kulibadilisha kwa vidole vyake. Ilifanywa hivyo kwa makusudi, ili dereva asitange-tange hewani akaingilia maneno ya polisi au ya gari la wagonjwa.

Zamani kila chaneli ilikuwa na kijiwe chake cha fuwele, kilichokatwa kwa kipimo hata kitetemeke kwa masafa yale tu. Ukitaka chaneli mpya unaagiza fuwele, unangoja majuma kadhaa, kisha fundi anafungua redio na kuitia. Redio za leo zina fuwele ya kupimia tu, na masafa yote mengine hutengenezwa na mtambo wake kutokana na hiyo, kwa kufuata hesabu zilizoandikwa katika kumbukumbu. Kuandika hesabu hizo ndiko mafundi wanakokuita kuprogramu. Mtu huhitaji vitu vitatu: kompyuta, programu ya redio ile, na waya wa redio ile. Nasema redio ile, sijasema redio yoyote. Hapo ndipo wengi wanapopotelea.

Basi kabla hujatafuta waya wala programu, geuza redio. Ikiwa ni ya mkono, toa betri. Kibandiko kiko chini yake. Ikiwa ni ya gari, kiko chini ya sanduku lake au nyuma. Andika kila herufi na kila tarakimu unayoiona, na herufi ile ya mwisho pia, hata kama huijui maana yake. Redio mbili zenye sura moja zaweza kuwa za masafa mbalimbali. Kwa Kenwood hizi, TK-2180 ni ya VHF, yaani ya masafa yaliyo chini ya megahezi 174, na TK-3180 ni ya UHF, ya masafa ya juu. Ukizitazama utadhani ni pacha, lakini hazitasikilizana hata siku moja, na hakuna programu duniani itakayozipatanisha. Nimewaona watu waliochanganya aina hizo mbili katika mnada, wakatafuta kosa mwezi mzima.

Sasa andikeni. Programu ya TK-2180 na ya TK-7180 ni moja, na jina lake ni KPG-89D. Narudia: K, P, G, themanini na tisa, D. Waya wa redio ya mkono, ya TK-2180, ni KPG-36. Waya wa redio ya gari, ya TK-7180, ni KPG-46.

Mtu ataniuliza, mbona majina yote ni KPG? Hata mimi nilitatizika zamani. Kenwood waliyapa majina ya KPG vyote viwili, nyaya na programu, lakini programu huishia na herufi D. Ukienda dukani ukasema, “Nataka KPG ya Kenwood,” utauziwa chochote kilicho karibu na mkono wa mwenye duka. Mwambie jina zima. Na kama kompyuta yako haina lile tundu la zamani la pini 9, mwombe waya wa USB. Aghalabu jina lake lina herufi U nyuma yake, kama KPG-36U.

Waya aliouziwa ndugu Katibu, wenye plagi mbili, moja nene ya milimita 3.5 na moja nyembamba ya milimita 2.5, nao ni waya wa Kenwood kweli. Huyo fundi hakusema uongo. Ule ni wa namna ya KPG-22, na redio nyingi ndogo za Kenwood huutumia. Hata redio za Kichina kama Baofeng UV-5R zimeiga matundu yale yale. Lakini TK-2180 haina matundu mawili. Ubavuni mwake ina kifuniko kilichoshikwa kwa skrubu, na chini ya kifuniko iko safu ya vituo vidogo vya shaba. Waya wa KPG-36 huwekwa juu ya vituo hivyo na kukazwa. Vifute kwanza kwa kitambaa kikavu. Redio iliyokaa pwani hufanya kutu ya kijani pale, na kutu hiyo huzuia maneno yasipite kama udongo katika mfereji.

Redio ya gari ni rahisi zaidi: toa kipaza sauti, na katika tundu lile lile chomeka KPG-46. Onyo moja. Plagi ile yenye pini 8 yafanana sana na plagi ya waya wa mtandao wa kompyuta za ofisini. Usiingize waya wa mtandao katika redio, wala usiuchomeke wa redio katika tundu la mtandao la kompyuta kwa sababu tu umekubali kuingia. Moja ya pini za kipaza sauti hubeba umeme, na tundu la mtandao halikutengenezwa kuupokea.

Na kwa nini tusijitengenezee waya wenyewe? Watu wa kujitegemea huniuliza hivyo, na ni swali zuri. Tundu lile la zamani la pini 9 katika kompyuta husema kwa lugha ya umeme inayopanda na kushuka, kati ya volti 3 na 15, mara upande wa chanya, mara upande wa hasi. Redio husema kwa volti sifuri na volti 5, na nyingine kwa 3.3 tu. Ukiunganisha moja kwa moja bila kitu katikati, umeipigia kelele redio sikioni, na pengine umeiua. Kwa hiyo ndani ya waya mzuri mna mkalimani, kichipu kidogo. Maarufu kati ya vichipu hivyo ni MAX232. Motorola za zamani, kama GP300, mkalimani huyo alikuwa sanduku zima, nalo mafundi wanaliita RIB mpaka leo. Ajuaye kutumia pasi ya risasi na kusoma mchoro anaweza kutengeneza waya wake. Asiyejua, anunue.

Nyaya za USB zina mkalimani wa pili, anayegeuza lugha ya USB kuwa lugha ya tundu la zamani, na hapa ndipo penye matata ya nyaya za bei ya chini. Chipu za kazi hiyo ni za makampuni machache: FTDI, Prolific, Silicon Labs, na CH340 ya Uchina. Chipu ya Prolific, PL2303, imeigwa mno na waghushi. Kampuni yenyewe ikaandika draiva mpya, yaani ile programu ndogo inayoijulisha kompyuta namna ya kusema na waya, na draiva hiyo huzikataa chipu za kughushi na baadhi ya zile za zamani. Kompyuta inakuonyesha kosa namba 10, nawe unadhani redio ni mbovu. Mnamo Oktoba 2014 yalitokea makubwa zaidi: draiva ya FTDI iliyokuja yenyewe pamoja na marekebisho ya Windows ilifuta namba ya utambulisho katika chipu za kuiga, na nyaya za watu wengi zikafa mezani mwa wenyewe, mafundi kwa wanafunzi. Watu walipiga kelele, na draiva ile ikaondolewa. Mimi sikupenda jambo lile. Aliyeghushi alikuwa mbali na pesa zake mfukoni, na aliyeadhibiwa ni mnunuzi asiyejua. Lakini tangu siku hiyo nauliza dukani: chipu ya ndani ni ipi? Mwenye duka asiyejua jibu, nanunua kwa mwingine.

Waya ukikubaliwa, kompyuta huupa namba: COM3, COM7, COM12. Fungua orodha ya vifaa vya kompyuta uione namba hiyo, kisha uitaje hiyo hiyo katika programu ya redio. Programu za zamani nyingi huona namba ndogo tu. Waya ukipewa COM12 na programu haiji mpaka kumi na mbili, haitakuambia sababu. Itasema redio haijibu. Namba hubadilishwa katika orodha ile ile ya vifaa. Mara ngapi nimeitwa mbali, nauli juu yao, kumbe kazi ilikuwa kubadili 12 kuwa 3!

Haya, programu. Tupate wapi?

Mlango wa kwanza ni wakala wa kampuni iliyotengeneza redio. Siku zilizopita programu hizi ziliuzwa, na makampuni mengine yalizibana hata fundi mdogo asizipate. Siku hizi mambo yamelegea kidogo, maana yapo makampuni yanayompa programu mteja aliyejiandikisha kwao. Andika barua kwa wakala, taja namba ya modeli na namba ya mfululizo iliyo juu ya redio, na mwulize bei. Hata kama redio ni za zamani, wakala hukubali mara nyingi kukuprogramia yeye mwenyewe kwa malipo ya kila redio. Kwa chama chenye redio tisa ambazo masafa yake hayatabadilika kwa miaka mitano, pengine hiyo ndiyo njia nafuu. Piga hesabu kabla hujanunua nyaya mbili na programu kwa kazi ya asubuhi moja.

Mlango wa pili ni programu ya bure iitwayo CHIRP, iliyoanzishwa na Dan Smith, Mmarekani mpenda redio, na kuendelezwa na wenzake wa kujitolea. Ni halali kuichukua na kuitumia. Ilitungwa hasa kwa watu wenye leseni za redio za kujifunzia, lakini miongoni mwa redio inazozijua zimo Kenwood kadhaa za kazi, nayo TK-7180 imo. Hutaona ndani yake kila kipengele kilichomo katika programu ya kampuni, ila masafa, toni, na majina ya chaneli utayapata.

Mlango wa tatu ni flashi ya yule kijana, na hapa namrudia karani. Programu iliyopita mikono kumi haijulikani imeokota nini njiani. Sisemi kijana ni mwizi. Huenda hata yeye alipewa. Lakini kirusi kilichojificha ndani yake kitaingia katika kompyuta yenye madaftari ya wanachama, na hapo hasara si ya redio tena. Tena ni mali ya kampuni, haikununuliwa. Karani aendelee kuogopa.

Jambo jingine ni umri wa programu. Zile za miaka ya 1980 na mwanzo wa 1990, kama zile za GP300, ziliandikwa kwa DOS na kwa kompyuta zilizotembea polepole. Zikiwekwa katika kompyuta yenye mbio hukosea kipimo cha muda wakati zikisema na redio, na zikikosea katikati ya kuandika zaweza kuharibu kumbukumbu yote. Na programu za tarakimu 16 haziwaki kabisa katika Windows ya tarakimu 64, ambayo ndiyo iliyomo katika kompyuta nyingi za leo. Ndiyo sababu ukiingia katika karakana ya redio utaona kompyuta kuukuu pembeni, imefunikwa kwa kitambaa, na fundi hataki kuiuza kwa bei yoyote. Kwa redio mpya za dijitali ni kinyume chake: MOTOTRBO ya Motorola, ukiiunganisha kwa USB, kompyuta huiona kama kifaa cha mtandao chenye anwani yake, 192.168.10.1, wala hakuna namba ya COM ya kutafuta. Atafutaye COM katika redio hiyo atatafuta hadi jua lizame.

Sasa tufike kwenye kazi yenyewe. Waya umekaa, programu imefunguka, redio ina betri iliyojaa. Kuna maagizo mawili makubwa: kusoma na kuandika. Kusoma ni kuvuta yaliyomo katika redio yaje katika kompyuta. Kuandika ni kuyasukuma yaliyomo katika kompyuta yaingie katika redio, na yale ya zamani yanafutika. Kila redio inayofika mbele yako, isome kwanza, uhifadhi faili kwa jina lenye namba ya redio na tarehe, kisha ndipo uguse kitu. Nitawaambia nililijuaje hili.

Ufundi wangu ulikuwa bado mbichi. Niliitwa kwenye shamba moja lililokuwa na ghala la mbao, mbali na mji. Walikuwa na redio sita za mkono za makorokoroni, na redio kubwa moja ofisini, ya kampuni nyingine. Walitaka chaneli ya pili iongezwe. Masafa ya chaneli ya kwanza yalikuwa yameandikwa katika karatasi ukutani, nami nikajiona nimepata kila kitu. Sikusoma redio hata moja. Nilitengeneza faili jipya, nikaingiza masafa yale ya ukutani, nikaongeza chaneli ya pili, nikaziandikia redio zote sita. Tukajaribu uwanjani: redio ya kwanza yasikika katika ya pili, ya pili katika ya tatu, sauti safi kabisa. Nikapewa pesa na chai, nikalala kijijini ningoje basi la asubuhi.

Jambo ambalo karatasi ya ukutani haikulisema ni toni. Redio nyingi za kazi hutuma chini ya sauti ya msemaji mlio mdogo wa chini sana, kati ya hezi 67 na hezi 254, usiosikika na mtu. Redio inayopokea hufungua spika yake pale tu isikiapo mlio ule, ili isisumbuliwe na wageni walio katika masafa yale yale. Redio ya ofisini ilikuwa inangoja mlio huo. Zile sita, kabla yangu, zilikuwa zikiutoa. Baada yangu hazikuutoa tena. Zenyewe kwa zenyewe zilisikilizana, kwa sababu nilizinyima toni zote sawasawa. Ofisi wakiita, zilisikia. Zenyewe zikiita, ofisi kimya.

Usiku ule moto ulishika katika machujo ya mbao nyuma ya ghala. Korokoroni alibonyeza kitufe, akaita. Akaita tena. Aliniambia kesho yake kwamba alimsikia mtu wa ofisini akiuliza saa kwa mwenzake wa lango la mbele, sauti iko wazi kama ya mtu aliye karibu, naye anamjibu moto, moto, na yule hasikii. Akaacha redio akakimbia hadi nyumba za wafanyakazi. Mabanda mawili ya mbao yaliungua, watu walisalimika. Alikuwa mtu mzima, umri wa baba yangu. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, “Mwanangu, uliijaribu na ya ofisini?”

Sikuijaribu. Na namba ya toni ilikuwa mle mle ofisini, katika kumbukumbu ya redio kubwa, mita moja kutoka nilipokaa nikinywa chai. Sikuwa na waya wake wala programu yake, kwa kuwa ilikuwa ya kampuni nyingine. Ilichukua siku sita waya kufika kutoka Dar es Salaam. Siku sita hizo makorokoroni walitembea wawili wawili.

Kwa hiyo, ndugu Katibu, fuata hivi. Soma redio zote tisa, hata kama ni za mtu mwingine zamani, uhifadhi mafaili yake. Huenda baadhi zikakataa kusomwa, kwa kuwa mwenye nazo wa kwanza alizitia neno la siri; hapo rudi kwa muuzaji ulidai, na wengine mnaotaka kununua, jaribuni hilo kabla pesa hazijatoka mkononi. Kisha ingiza masafa na toni, ile ile katika redio za mkono na za gari. Ingiza na kikomo cha kusema, tuseme nukta 60, maana dereva akikalia kipaza sauti chake bila kujua, redio ile hutuma sauti ya injini mchana kutwa na wengine wote hawawezi kusema. Mwishowe jaribu kila redio na kila redio nyingine, na moja ipelekwe pale pale nyuma ya ghala anapokaa korokoroni, usiku, mlango wa ghala ukiwa umefungwa.

Nimesema “ingiza masafa”, lakini masafa yepi? Hayo hutayapata kwa fundi wala kwa muuzaji wala kwangu. Tanzania, mwenye kuyagawa ni Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, kwa Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Kenya ni Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Unaomba, unalipa, unapewa leseni yenye masafa yako. Usiingize masafa uliyoyakuta katika redio ya zamani. Hayo yalikuwa ya mwenyewe, na pengine angali akiyatumia.

Kwa ninyi wa Tanga, na wa Mombasa, na wa Unguja, nina neno la ziada. Redio ya TK-2180 inafika megahezi 136 hadi 174. Katikati ya eneo hilo yako masafa ya vyombo vya baharini, na megahezi 156.8 ni chaneli 16 ya bahari, ya mwito wa hatari duniani kote. Tuseme leseni yako ni 155.8, na kidole kikabonyeza 6 badala ya 5. Redio zako zitafanya kazi vizuri sana. Mtaulizana habari za magunia na matairi, na nahodha ambaye chombo chake kinaingia maji ataita juu ya maneno yenu. Programu haitakuzuia, kwa sababu haijui wewe ni nani. Ukimaliza kuandika tarakimu, mwite mtu wa pili azisome kwa sauti, wewe ukiwa umeshika karatasi ya leseni.

Tazama pia upana wa chaneli katika leseni: kilohezi 25 au 12.5. Nchi nyingi zimepunguza ili watu wengi zaidi wapate nafasi. Marekani iliwalazimisha wenye redio nyingi za kazi kuhamia 12.5 tarehe 1 Januari 2013. Redio ya upana mmoja ikisema na ya upana mwingine, sauti hufifia au hukwaruza, na watu hulaumu betri.

Saa yetu inakaribia kwisha. Wenye maswali waandike kwa anwani iliyo nyuma ya kijitabu hiki, na katika barua watutajie namba nzima ya modeli, herufi ya mwisho ikiwamo; bila hiyo siwezi kumwambia mtu waya wake. Juma lijalo tutasema juu ya betri za redio hizi hizi, namna ya kuzichaji na kujua iliyochoka. Mwenye betri mbovu asiitupe, aje nayo darasani. Ndugu Katibu, ukiisha kuzisoma redio zako, tuandikie umekuta nini ndani. Kwaherini.